Kabila uliza baadae, daftari soma kwanza

Mimi ni Mgogo. Naliweka hilo mwanzo kabisa kwa sababu najua kuna msomaji hapo kashatabasamu, na mwingine kashashika mfuko wake vizuri. Hakuna shida. Nimezaliwa Mpwapwa, nimekaa Dar miaka mingi, na utani wa Wagogo na bakuli, kwamba sisi ni ombaomba, nimeusikia kwenye daladala, harusini, kazini mpaka msibani, tena msibani ndo unakolea maana watani wakishafika hata mfiwa anacheka bila kupenda. Utani wetu mi naupenda na siandiki hapa kuomba ufutwe.

Ninachotaka kusema ni kuhusu pale utani unapoacha kuwa utani unakuwa uamuzi. Mtu anaamua nani apewe chumba, nani akopeshwe, nani amlelee mtoto, na kwenye kuamua hatumii alichokiona kwa huyo mtu, anatumia alichokuja nacho kutoka nyumbani kwao. Na ukimuuliza atakuapia kwa jina la Mungu kwamba yeye kaangalia mtu mwenyewe tu, kabila hata halijamjia kichwani.

Chukulia habari ya vyumba. Nilivyokuwa natafuta chumba maeneo ya Tabata dalali alinipeleka nyumba nzuri, luku ya kujitegemea, maji yapo, kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, kanikaribisha vizuri, kaniuliza jina, swali la pili kabila. Kazi hakuuliza. Nilivyojibu akasema "haya mwanangu, nitaongea na dalali". Dalali akarudi na jibu kwamba chumba kimepata mtu, na kwa vile dalali alikuwa anaona hela yake ya udalali inayeyuka akanitobolea ukweli, kwamba mama anaogopa Wagogo wakipata chumba wanaleta ukoo mzima kutoka kijijini. Mimi nilikuwa naishi peke yangu na sufuria mbili! Kinachonichekesha ni kwamba hata sensa ya serikali haiulizi kabila, mara ya mwisho liliulizwa kwenye ile ya 1967, hii ya 2022 karani alikuja na kishikwambi chake akauliza mpaka choo chetu ni cha aina gani ila kabila hakugusa. Mama wa Tabata yeye kabila kaliweka nafasi ya pili baada ya jina.

Ila mahali nilipojifunza zaidi ni kikoba, kile kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana. Nimekuwa mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu kwa muda sasa, na nakwambia kama unataka kuona binadamu wanavyohukumiana nenda kakae kwenye kikao cha mikopo. Pale kuna hela, kuna majirani, na kila mtu anajifanya anafuata katiba ya kikundi.

Kuna kipindi hesabu za faini zilikuwa hazisomwi kwenye kikao, katibu alikuwa anaziruka. Wanachama watatu waliliuliza hilo, kila mmoja kwenye kikao chake, na wote waliuliza karibu kwa maneno yale yale, mbona faini hatusomewi. Alivyouliza baba mmoja Mpare watu wakatazamana, "ameanza huyo, hawa bila kesi hawalali". Alivyouliza jamaa Mchaga mwenyekiti akatikisa kichwa kwa heshima, "mnaona, mtu anayejua pesa ndo anavyouliza". Alivyouliza mama mmoja wa Kigogo, mtu wa Bahi, anauza karanga na ubuyu pale stendi, nikasikia nyuma yangu mtu ananong'ona "anataka kujua kama kuna cha kugawiwa". Sasa jamani. Swali moja, faini zile zile, katibu yule yule, na majibu matatu. Mmoja mgomvi, mmoja mjanja wa biashara, mmoja ombaomba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya kitu tofauti na mwenzie.

Hii siyo ya uswahilini tu, wasomi walishaipima. Harold Kelley, mtu wa saikolojia kule Marekani, alichapisha mwaka 1950 jaribio alilofanya kwa wanafunzi wa chuo cha MIT. Walikuwa wanaletewa mwalimu mgeni, na kabla hajaingia kila mwanafunzi akapewa karatasi fupi ya kumtambulisha. Karatasi zote zilifanana, umri wake, uzoefu wake, kwamba ni mchapakazi, isipokuwa sehemu moja, wengine waliandikiwa kwamba waliomfahamu wanamuona mtu mchangamfu sana, wengine wakaandikiwa ni mkavu kiasi. Wenyewe hawakujua karatasi zinatofautiana. Mwalimu akaingia, akaendesha mjadala mmoja mbele ya wote kwenye chumba kimoja. Baadae waliosoma "mchangamfu" wakamuelezea kama mtu mwenye utu, anayejali, mcheshi, na waliosoma "mkavu" wakamuona anajisikia na hana muda na watu. Walikuwa wamekaa pamoja wanamuangalia mtu mmoja!

Lakini kipande kinachonigusa mimi ni kingine. Wale walioambiwa mchangamfu walichangia mjadala zaidi, asilimia 56 walifungua mdomo, na wale walioambiwa mkavu ni asilimia 32 tu. Yaani neno moja kwenye karatasi halikubadilisha tu walivyomuona, liliwafanya wengine wasiongee nae, na usipoongea na mtu utajuaje kama ni mchangamfu? Utatoka pale na ushahidi wako mkononi kwamba ni mkavu, kumbe ushahidi umeutengeneza mwenyewe kwa kunyamaza.

Ndo kilichompata mama wa Bahi. Baada ya ule mnong'ono, ambao aliusikia, hakuuliza tena kitu kikaoni. Anakuja, anaweka hisa zake, anaweka hela ya jamii, anaondoka. Na watu wakapata la kusema, "hawa ni wapole tu, hawana habari na hesabu, unaweza kuwaburuza". Wamemnyamazisha wenyewe alafu ukimya wake wakauita tabia ya kabila.

Msije mkadhani sifa nzuri haina madhara. Yule jamaa Mchaga niliyemtaja, mtu mstaarabu sana, alikuwa na duka la spea za pikipiki. Mikopo yake ilikuwa inapita kama maji, wengine wanaulizwa wadhamini wako ni nani, hisa zako zinafika theluthi ya unachoomba, biashara inaendaje, yeye akisimama tu watu "mpeni, huyo anazungusha". Wakati huo daftari langu lilikuwa linaonyesha marejesho yameanza kusogea sogea, wiki hii nusu, ijayo hakuna. Nikalisoma kikaoni kama lilivyo, nikajibiwa kwa utani kwamba mweka hazina Mgogo anaogopa kushika hela nyingi. Kumbe duka lilikuwa limeshaanguka kitambo, anakopa kwetu analipa kikoba kingine, na hakuwa na pa kusemea kwa sababu mtu ambaye mtaa mzima umemkabidhi akili ya biashara kwa kuzaliwa kwake Rombo ataanzia wapi kusema biashara imenishinda? Mke wake alikuja kuniambia kwamba hata ndugu zake kule nyumbani aliwaficha. Wadhamini wakalipa, urafiki ukafa. Angekuwa Mndengereko mwenye marejesho yale tungemuhoji mapema, na pengine tungemuokoa, tukampangia alipe kidogo kidogo. Sifa ya bure ilimnyima hata maswali.

Sehemu nyingine ambapo watu hawaoni aibu kabisa ni dada wa kazi. Sikiliza wamama wanavyoagiza kwa simu, utadhani wanaagiza mchele kwa daraja. Nataka wa Iringa, Wahehe wachapakazi, ila usimuudhi maana wana hasira. Nataka wa Singida au Dodoma, hawana makuu, anakula chochote. Wa Tanga hapana, ataniondolea mume. Wa pwani mvivu, atashinda anajisinga. Sijawahi kumsikia mtu anauliza huyo binti amewahi kukaa na mtoto mdogo, anajua mtoto akipaliwa anafanyaje, jiko la gesi ameshawahi kulitumia, na wakati hayo ndo mambo yatakayomuumiza mtoto wako, siyo Utanga wala Uhehe. Rafiki yangu mmoja alimuondoa binti aliyemkuta anaimba anaosha vyombo, kajipaka poda, eti "huyu wa Tanga ameshaanza". Aliyekuja badala yake alitoka kwetu, mpole hasemi, rafiki yangu akamsifia kila tukikutana, na huo upole ukawa ndo sababu mtoto aliungua uji mguuni asubuhi na mama akaja kujua usiku, binti aliogopa kusema. Simlaumu yule binti hata kidogo. Alishaambiwa siku ya kwanza kwamba amechukuliwa kwa sababu watu wa kwao hawana maneno.

Sasa turudi kwa Wagogo na bakuli, maana nikilikwepa mtasema nimekimbia. Ni kweli ombaomba wengi wanaoonekana mataa ya Dar wametoka Dodoma, siwezi kukataa, naongea nao Kigogo, mtu akisikia "mbukwenyi", salamu ya kwetu, anashtuka anacheka. Kila baada ya muda linatoka tamko warudishwe makwao, wanapakiwa, wanarudi. Lakini uliza kwa nini Dodoma. Kule kwetu mvua ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba kwenda Aprili, ikikatika Februari uwele umekauka shambani na hakuna msimu wa pili wa kukusaidia kama wenzetu wa Moshi au Bukoba. Wazee walikuwa wanazipa njaa majina kama watu wengine wanavyoyapa majina majeshi. Kubwa kuliko zote ni Mtunya, mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake. Jeshi la Mjerumani lilichukua nafaka na ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, akaja Muingereza nae akachukua, alafu mvua ikagoma. Inakadiriwa walikufa watu kama 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo. Mmoja kwa kila watano! Waliobaki walitawanyika kutafuta chakula kwa watu, na huko walikofika walionekana wamekuja kuomba, basi. Aliyewapokea hakuona lile jeshi lililopita kabla, aliona mtu na kibuyu mlangoni.

Na Wazungu nao walikuja na yao kichwani. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa, hapo jirani na kwetu, na mradi wa karanga, waliona pori kubwa wakajua ni ardhi tupu ambayo wenyeji wameshindwa kuitumia. Wenyeji walikuwa wanajua mvua za pale na udongo wake, ila nani angemuuliza Mgogo habari za kilimo? Matrekta yakavunjikia kwenye visiki, udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji na karanga ziko ndani, mvua haikuja kama walivyopiga hesabu. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa na pauni zaidi ya milioni 30 zimekwenda. Huwa natamani kumwambia mwenyekiti wetu wa kikoba kwamba kutosikiliza Wagogo kuna gharama zake, na zipo kwenye vitabu vya historia.

Alafu kuna hili la nani anahesabiwa. Yule mzee pale mataa ya Fire ukimuona unajua moja kwa moja "Mgogo", lugha yake, nguo zake, na kama huna uhakika unamuwekea tu Ugogo. Lakini yule dada wa benki aliyekuhudumia asubuhi, fundi aliyekutengenezea friji, nesi aliyekuchoma sindano, hujui kama ni wa Mvumi au Manyoni kwa sababu anaongea Kiswahili cha Dar kama wewe. Kwahiyo kwenye hesabu yako ya kichwani Wagogo wanaoomba wanaingia wote, wasioomba hawaingii hata mmoja. Na siku ukigundua kwamba dada wa benki ni Mgogo hutabadilisha hesabu, utamwambia kile tunachoambiwa wote, "aah, mbona hufanani na Wagogo?" Wanaosema hivyo wanadhani wananisifia. Maana yake ni kwamba nikiharibu nitakuwa Mgogo, nikifanya vizuri nitakuwa mimi peke yangu.

Haya, nini nafanya na nini nakushauri. La kwanza ni la kikoba, tulibadilisha utaratibu baada ya lile deni. Saa hizi mwombaji wa mkopo hasimami kwanza, linasomwa daftari kwanza, hisa zake kiasi gani, marejesho ya mkopo uliopita yalikwenda vipi, faini, wadhamini wana deni au hawana, alafu ndo jina linatajwa. Majirani wengine wanakisia ni nani, kikundi chenyewe watu thelathini, lakini hata huko kukisia kunawafanya wasikilize namba. Kikao cha kwanza tulivyofanya hivyo mama wa Bahi alipita bila swali hata moja na watu wakabaki wanaulizana huyo mwenye rekodi safi hivyo ni nani. Mwenyekiti alipotaja jina kukawa na ukimya kidogo, alafu mtu akasema "kumbe". Hilo kumbe nililifurahia kuliko mgao wa mwisho wa mwaka.

La pili unaweza kufanya peke yako bila kikao. Ukijikuta unasema kitu juu ya mtu, rudia sentensi ile ile ukibadilisha kabila, au dini, au jinsia. "Mpare huyu anauliza uliza sana." Weka Mhaya hapo. Weka padri. Ikiwa kuuliza kwa padri ni umakini na kuuliza kwa Mpare ni kesi, basi tatizo siyo kuuliza. Mimi hufanya hivi kimoyomoyo hata nikiwa kwenye foleni, na inashangaza sentensi ngapi zinafia njiani.

Tatu, mtu akikuletea sifa ya mtu, nzuri au mbaya, muulize alichofanya. Siyo alivyo, alichofanya. Kwenye dada wa kazi usipokee "ni mpole", uliza alikaa wapi kabla, kwanini aliondoka, piga simu kwa yule mama wa zamani. Na mpe wiki kadhaa ukiangalia mambo uliyoyapanga kabla hajafika, maana ukisubiri afike ndo upange utajikuta unaangalia kile ulichoogopa toka mwanzo, na ukikitafuta huwezi kukikosa.

Kwa wale mnaohukumiwa, nyie wenzangu, hapa nina maneno machache ila nayasema kwa uchungu. Msitumie maisha kukanusha. Kuna binti wa kwetu alianza kazi sehemu niliyokuwepo mimi, alikuwa hakopi nauli, hakubali kununuliwa hata chai, sawa, hiyo yake. Shida ni kwamba hakuwa anaomba hata kuelekezwa kazi. Mfumo wa kompyuta unamsumbua, anakaa mpaka usiku anahangaika peke yake, kwa sababu kwa akili yake Mgogo akisema "naomba" tu watu wameshapata stori. Nilimuita pembeni nikamwambia mdogo wangu, Wachaga wanaomba, Wahaya wanaomba, bosi mwenyewe kila asubuhi anaomba chaja, wewe omba uelekezwe kazi. Ukiacha kuomba ili usionekane unaomba, wale wenye maneno yao ndo wanakupangia siku yako.

Na mtu akikutania, tania. Mimi nikiambiwa habari ya bakuli namjibu "lete kwanza cha kuweka". Lakini utani ukiingia kwenye jambo la hela au kazi, acha kucheka, uliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "kuna kitu umeona nimefanya?" Usigombe. Uliza alafu nyamaza umsubiri ajibu, wengi wanakosa jibu mbele ya watu na kikao kinaendelea.

Kuna mzee mmoja kwenye kikundi chetu nimemshindwa. Mcheshi, mkarimu, nikiuguliwa ndo wa kwanza kufika na machungwa, na kila kabila ana hadithi yake, haibadiliki hata umuoneshe nini. Nimeacha kubishana nae. Tunakaa nae, tunacheka nae, msibani tunamtegemea. Ila uchaguzi wa kamati ya mikopo ukifika, kura yangu hapati.